Kijiko cha Mzee Fungua

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka mwongozaji wa wapanda milima tuliyemwita Mzee Fungua. Nikisita msinishangae, maana mimi mwenyewe sielewi.

Miaka thelathini alipandisha watu kwenye theluji. Miaka thelathini, na hakupoteza hata mmoja. Kila safari alimwachia mkewe karatasi mezani: njia atakayopita, saa ya kurudi. Na hemani alikuwa na neno moja: "Fungua!" Ukiwasha jiko la gesi hema likiwa limefungwa, linatoa sumu isiyo na harufu. Unasinzia, basi, huamki tena. Kwa hiyo alichomeka kijiko cha mbao kwenye zipu ya mlango, isifungike yote. Mimi, mwanafunzi wake, niliwahi kukichomoa, akanitoa nje nikiwa na soksi tu. Lo, nilimchukia siku ile!

Wiki iliyopita alipanda peke yake kukagua njia. Saa ya kurudi ikapita. Ile karatasi iliwapeleka waokoaji moja kwa moja mpaka kwake. Walimkuta hemani, amefariki. Jiko lilikuwa limewaka hadi gesi ikaisha. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka chini. Fungua, wasikilizaji. Fungua huyo huyo!

Mkewe, fundi cherehani, alinipokea jikoni. Alivuta droo, akatoa kijiko cha mbao.

"Nilikitoa begini nikioshe, nikasahau kukirudisha. Mwanangu, niambie ukweli. Ni mimi?"

Binti yao akaleta begi lililoshushwa mlimani, akalimwaga mezani. Soksi, tochi, kamba. Na kijiko kingine cha mbao, kipya, alichochonga mwenyewe, bado kina alama za kisu chake.

"Alikuwa nacho, mama. Si wewe."

Mama alilia, moyo umemtulia. Kisha akafuta macho, akauliza, "Sasa mbona hakukitumia?"

Labda baridi ilimzidi, akajiambia afunge dakika mbili tu. Sijui. Naapa sijui.

Mama, dada yangu, poleni sana. Nawe unayefunga mizigo kwenda kwenye theluji, jiulize: ukiwa peke yako, nani atakuambia "fungua"?

Mimi napanda Jumamosi. Mama amenipa kile kijiko cha kwenye droo. Alikitia begini kwa mkono wake, akafunga begi, akalifungua tena kuhakikisha kimo.