Aliyetugawia Nta

Kijiwe cha mbele ya duka la Jigar, Tabora mjini, kina benchi moja, birika moja la kahawa, waongo wawili wa kudumu na mzee mmoja mkimya. Hapo hakuna anayeitwa jina lake. Redio anaitwa hivyo kwa kuwa habari zote anazo yeye, za kweli na za kupika. Injinia ni fundi baiskeli. Mzee Sikio anakaribia sabini, lakini husikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana kabla mwenyewe hajakata kona. Asubuhi ile Sikio alikuwa kaikumbatia simu yake kwa mikono miwili, na hakuna aliyemuuliza kulikoni, maana Redio alikuwa keshaanza.

—Wazee, mmesikia? Kule Kagera kuna kijiji kina kifaru cha vita, kimelala shambani tangu sabini na tisa. Sasa wanakijengea uzio, kiwe kumbukumbu.

—Kumbukumbu ya nini? Injinia akadakia. Chuma chote kile! Kikatwe, zitoke sufuria za harusi zote za Nzega.

—Hakikatiki. Waliojaribu, msumeno uligoma. Mle ndani kuna jini.

—Jini gani avumilie joto lile? Mle kuna dhahabu, mwanangu, ndiyo maana wanaweka uzio. Na injini bado nzima! Nipe dizeli na betri ya Fuso, nakiendesha mpaka hapa Itetemia.

—Wewe? Baiskeli ya Jigar imekushinda tangu Jumatatu!

Jigar mwenyewe alicheka huko ndani dukani. Sikio hakucheka.

—Hakiwaki, alisema. Injini ilipasuka. Mimi ndiye niliyekuwa nakiendesha.

Redio akashusha kikombe.

—Acha fiksi, mzee, Injinia alisema. Si ulituambia jeshini ulikuwa mpishi?

—Niliwadanganya. Mpishi hasumbuliwi na maswali.

Basi akawaeleza. Mwalimu mmoja wa kijiji hicho, Leodgar, amemtafuta mpaka amempata. Leo saa nne atapiga simu achukue majina ya waliokuwa ndani, mchongaji ayachonge kwenye jiwe. Walikuwa wanne. Matatu, pamoja na la kwake, anayo.

—Wa nne aliletwa siku mbili kabla, mwenzetu wa kupakia makombora alipougua. Kijana wa Igalula. Vya kuzibia masikio havikutosha, na ule mlio, we acha tu! Akatoa mfukoni donge la nta ya nyuki, ya kwao, akatugawia sote tuzibe. Tukamwita Nta. Siku ya tatu tukapigwa. Nilitoka peke yangu. Karatasi zetu ziliungua humo humo.

Akagusa sikio lake.

—Haya masikio mnayoyasifu, aliniachia yeye.

Injinia alikohoa, akatazama kikombe chake.

—Pole sana, mzee. Sasa si waandike Nta tu?

—Au waandike askari asiyejulikana, Redio alisema kwa upole. Dunia nzima ndivyo wanavyofanya.

—Asiyejulikana na nani? Sikio alifoka, kahawa ikamwagika. Mimi namjua! Nimekula naye sahani moja. Alikuwa na mwanya. Alikuwa anaimba akilala. Asiyejulikana vipi?

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, Benigna, aliyeleta maharage kutoka Ulyankulu na sasa anasubiri Jigar ampimie. Akamgeukia Sikio.

—Shikamoo, mzee.

—Marahaba, mwanangu.

—Mama yake alikuwa anamwitaje?

Muuza kahawa aliacha kumimina.

—Samahani, Benigna alisema. Bibi yangu alipokimbia kutoka Burundi alizika watoto wawili njiani. Mpaka anakufa, kila jioni kwenye sala aliwataja. Makaburi yao hatuyajui, majina tunayo. Igalula si hapo tu, mzee? Hukuwahi kwenda?

Macho ya Sikio yalijaa machozi, na hakuyaficha.

—Niliogopa, mwanangu. Mama yake angeniuliza mbona wewe umetoka. Ningemjibu nini?

Simu ikalia. Aliipokea.

—Naam, mwalimu. Matatu andika kama nilivyokutajia. La nne, mwambie mchongaji aache mstari mtupu... Hapana. Hapana, mwalimu! Asiyejulikana usiandike. Naenda kuuliza kwao.

Akasimama, akatafuta fimbo yake.

—Mzee, miaka karibu hamsini, Redio alisema. Huyo mama hayupo tena.

—Atakuwepo dada yake. Atakuwepo jirani. Mwenye mwanya na wimbo hasahauliki kijiji kizima.

Alikuwa keshashuka barabarani Injinia alipomkimbilia, akamshika mkono wa koti.

—Mzee, ngoja kwanza. Miaka kumi na moja tunakunywa wote kahawa. Wewe unaitwa nani?

Mzee alimwangalia kama aliyeulizwa kwa mara ya kwanza maishani.

—Ngollo.

—Mzee Ngollo, Injinia alirudia polepole. Kisha akajifuta grisi kwenye suruali, akampa mkono. Mimi Tobias. Twende wote.