Kivuko Kilichojaribiwa kwa Gari Moja

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mratibu wa safari za porini wa klabu yetu ya magari atakabidhi funguo za stoo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati imeteua watu wawili wahesabu vifaa pamoja naye. Tumearifiwa kwamba ameshavihesabu mara tatu peke yake, maana yeye hawaamini hao wawili.

Wanachama wanamjua kwa jina la Mzee Pima. Aliajiriwa kufungua geti, akahamia stoo ya kamba na jeki, kisha akapewa uratibu baada ya safari moja ambayo magari kumi na moja yalizama matopeni. Mratibu wa wakati huo alikuwa amemwamini mchunga mbuzi aliyemwambia njia ni nzuri. Mchunga mbuzi hakudanganya. Mbuzi wake walikuwa wanapita vizuri tu. Tangu siku hiyo, ukimwambia Mzee Pima njia inapitika, atakuuliza swali moja: "Nani kapima?"

Alishuku mito, mawingu, mishale ya vipimo vya mafuta kwenye magari, na zaidi ya vyote wanachama wanaosema wamekagua magari yao. Kila dereva alijaza fomu ya upepo wa matairi, naye akaja na kipimo chake akapima upya. Daktari wa meno, mwanachama mkongwe, aliwahi kuapa kwamba jeki yake ni nzima. Akaamriwa alinyanyue gari lake palepale uwanjani, mbele ya wakwe zake. Jeki ilikataa. Mkewe Mzee Pima anasema hata nyumbani ni hivyohivyo: hakalii kiti kabla hajakitikisa.

Lakini anayeshuku wote naye hushukiwa. Kwa miaka mitatu mfululizo alibadilisha njia siku chache kabla ya safari kuu, akisema kivuko cha mto hakifai, na kila mara njia mpya ilitupitisha kwenye kambi ya shemeji yake, ambako hulipia kulala. Mweka hazina akaanza kusema panapofuka moshi hapakosi moto. Mwenyekiti akasema mzee kachoka, anaogopa maji. Ofisini ikawa akiingia kuchukua chai, maongezi yanakatika. Mwaka jana, alipokikataa kivuko kwa mara ya tatu, kamati iliamua kwamba ikibainika ametudanganya, aondoke kazini hapo hapo, mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Katibu wa klabu akatumwa kumfuata kwa siri.

Katibu huyo ni mimi, ninayeandika wasifu huu. Sijawahi kuyasema haya popote. Hata mume wangu anaamini tope lile kwenye viti lilitokana na kuosha gari.

Nilimfuata asubuhi, nikalificha gari nyuma ya vichaka. Alikuwa anatembea kando ya mto na fimbo yake yenye alama za sentimita, anachoma mchanga, anaandika kwenye daftari, anachoma tena. Saa nzima. Kisha akapotelea upande wa juu wa mto. Nikakitazama kivuko: maji hayafiki hata magotini, chini mchanga mweupe, safi. Nikajisemea, leo nimekukamata, mzee. Ushahidi uliobaki ulikuwa kuvuka tu, nami nikaingia na gari.

Katikati ya mto mchanga ukaachia. Magurudumu ya mbele yakadidimia, maji yakaingia milangoni yakapanda mpaka kwenye kiti. Niliogopa, sifichi, nilimwita marehemu mama yangu kwa sauti.

Mzee Pima akaja. Hakukimbia, alipima kila hatua. Akalileta gari lake ukingoni, akafunga waya wa winchi, mashine yake ya kuvutia magari, kwenye gari langu akanivuta taratibu mpaka ukingoni. Nilingoja aniulize nafanya nini pale. Akasema tu, "Vua viatu, binti yangu, vikauke," akanimiminia chai ya chupa. Alikuwa amebeba vikombe viwili. Mpaka leo najiuliza kikombe cha pili alikibeba kwa ajili ya nani.

Ripoti yake kwa kamati ilikuwa fupi: "Kivuko kimejaribiwa kwa gari moja. Hakipitiki." Hakutaja gari la nani. Mimi nilisema tu kwamba mratibu amesema kweli, nikakaa. Kazi yake ilinusurika, lakini minong'ono ya shemeji iliendelea mwaka mzima, nami niliiacha iendelee kwa sababu ya aibu yangu. Sasa nasema: njia ya kambini ndiyo njia nyingine pekee yenye daraja, nimezikagua zote. Gari lililokwama lilikuwa langu. Nisamehe, Mzee Pima.

Jumamosi hii tunafanya safari ya kumuaga, na kwa mara ya kwanza yeye ni abiria. Mwezi uliopita niliikuta fimbo yake juu ya meza yangu, bila barua. Nimekwenda nayo mtoni mara nne, miguu peku, nikapata mahali penye mwamba, hatua thelathini juu ya kivuko cha zamani. Juzi nilimwambia panapitika. Nikasimama kulingoja lile swali. Hakuuliza nani kapima. Aliuliza tunaondoka saa ngapi.

Mzee wetu, kwa miaka thelathini na mmoja hukuwahi kumwacha mtu njiani, hata aliyekuja kukuchunguza. Ahsante sana. Tunakuombea siku ndefu na njema pamoja na mama na wajukuu. Zawadi yetu ni kiti cha kupumzikia. Tumeshakitikisa, na tunajua utakitikisa tena.