Nyayo Mgongoni mwa Bi Harusi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Malindi, Magarini na hadi Mtwapa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Bi Harusi binti Badawi wa mtaa wa Barani, muuza vitumbua. Alifariki Jumanne iliyopita, mwezi huu wa Januari, mwaka 1987. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Nawasimulia kwa idhini ya binti yake, Mwanasiti.

Bi Harusi alizaliwa Lamu, akaolewa Malindi. Alikuwa mrefu. Mrefu hasa. Miaka minne nyuma akaanza kwenda kwa fundi Mbaruk: buibui linaburura, alipunguze. Mwaka wa pili akarudi. Mara ya tatu Mbaruk akashindwa kunyamaza.

"Bi Harusi, kitambaa hakirefuki. Au ni wewe unayezama?"

"Wewe pima buibui, fundi. Kaburi watanipima wengine."

Wakacheka, na Mwanasiti aliyesimama pale akacheka nao. Kicheko kile kinamsumbua mpaka leo. Mtu mzima hafupiki bure, wasikilizaji. Hafupiki bure.

Mgongo ulipozidi kuuma, akapelekwa hospitali na Mwanasiti, akapigwa picha. Daktari akaiinua dirishani, akawaonyesha mifupa ilivyoliwa ndani, matundu matundu kama tumbawe. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimekwisha kubonyea zenyewe. Akampa vidonge. Akamwambia ale dagaa, apate jua, arudi kila miezi mitatu apimwe urefu. Tena afanye mazoezi: atembee kila asubuhi, ashike mwimo wa mlango ainuke kwa vidole vya miguu, mara kumi. Lakini asiiname kutoka kiunoni. Asijipinde. Asinyanyue ndoo.

Bi Harusi akafuata. Kila asubuhi alishika mwimo, akihesabu kwa sauti. Jirani yake Jedida akamtania kuwa anachungulia nyumba za watu, naye akamjibu kwamba kwa Jedida hakuna cha kuchungulia. Miezi miwili haikwisha, akawa anafika sokoni bila kupumzika njiani.

Ikaja Maulidi. Watu wakaagiza vitumbua vingi. Bi Harusi akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi tangu asubuhi, kajikunja. Alasiri mgongo haukushikika. Akalala kifudifudi mkekani, akamwita binti yake amkanyage mgongo, kama alivyokuwa akimkanyaga tangu ana miaka sita. Mwanasiti akasita. Akamkumbusha maneno ya daktari.

"Daktari kakataza kuinama," mama akasema. "Nyayo zako hakuzitaja."

Na kweli, hakuzitaja. Ila Mwanasiti si mtoto tena, ni mama wa watoto watatu. Akavua viatu, akashika ukuta, akapanda. Hatua ya kwanza, kimya. Ya pili, akasikia kitu kikilia chini ya kisigino.

Bi Harusi hakusimama tena. Wiki saba kitandani. Kifua kikajaa, pumzi ikawa ya kuhesabu, ikaisha.

Majirani walipokuja kumjulia hali, yeye mwenyewe alitangulia kusema ameteleza msalani. Alilirudia hilo kwa kila aliyeingia. Chumba kilipobaki kitupu, alimshika Mwanasiti mkono.

"Hili la nyayo ni langu na lako. Usije ukalisema. Watakuita muuaji."

Mwanasiti akaitikia. Akaitikia huku analia. Na mazishini kila mtu alizungumzia sakafu ya msalani inavyoteleza.

Juzi akaja hapa studioni na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Tukamuuliza kama ana hakika.

"Nimevunja ahadi niliyompa mama yangu, najua," akasema. "Lakini Barani nzima tunakanyagana migongo. Nikinyamaza, nitamkanyaga na mama wa mwenzangu."

Mwanasiti, hapa hakuna atakayekuita jina hilo. Pole wewe, pole wanao, pole jamaa wote wa marehemu. Mungu amrehemu, amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo yuko mama atakayejilaza mkekani akuite. Usivue viatu. Keti kando yake, umuulize mgongo ulianza kuuma lini.