Albamu Ambayo Spika Hakuipiga

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa tofali ili lisiyumbe. Hapo ndipo ninapouzia kahawa: chupa mbili, kopo la vikombe, na mwanangu wa miezi minane mgongoni. Wa kudumu pale ni watatu. Spika ni kinyozi mwenyewe. Ana spika ya mbao kubwa kama kabati, huanza kuimba akifungua mlango na hataki inyamaze mpaka afunge, ila mwanangu akilala huipunguza bila kuambiwa. Soli ni fundi viatu. Hukaa mwisho wa benchi na nyundo yake, na ameshamshonea mtoto viatu vya ngozi ya mabaki ingawa mtoto hata kusimama hajui. Mhuri ni karani mstaafu, amegonga mihuri miaka thelathini, na mpaka leo akiongea utadhani anasoma tangazo ukutani. Gazeti lake husoma nusu, nusu ya pili anamkingia mtoto jua. Siku hiyo mwaka ulikuwa unaishia, saa nne asubuhi, na dukani hakukuwa na mteja. Kulikuwa na fundi bomba tu, amelala chali chini ya beseni linalovuja. Spika akatoka na simu mkononi, ameishika kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

— Jamani, simu yangu imenisingizia.

— Imekusingizia mimba? Soli akauliza, misumari mdomoni.

— Sikiliza kwanza. Imeniletea orodha ya albamu nilizosikiliza sana mwaka huu. Tano. Ya tano ni ile ya magitaa matupu. Sawa. Ya nne kwaya. Sawa, hiyo ni Jumapili. Ya tatu wale vijana wa mapenzi...

— Ahaaa!

— Ya wateja hiyo!

— Wateja gani? Juzi nimekukuta peke yako umekumbatia ufagio.

— Soli, acha nimalize. Ya pili rumba. Ya kwanza...

Akasita. Akaitazama tena simu, kama labda imebadili mawazo.

— Ya kwanza inasema ni "Tuonane Jumatatu". Mara mia tatu na kumi na moja.

Soli akatema misumari kiganjani. Mhuri akakunja gazeti. Hata mimi niliyekuwa namimina nikasimamisha chupa hewani.

Sote tulijua kwamba Spika haipigi albamu ile. Ni ya bendi ya dansi ya zamani, nyimbo ndefu za kusubiriana. Binti yake ndiye aliyekuwa akiipiga kila asubuhi akifagia duka, akaipa jina, albamu ya kufagia. Binti yule alijifunza kushika mashine ya kunyolea kwa kumtazama baba yake, na mstari wa paji la uso alikuwa akiukata ukanyooka kuliko wa baba mwenyewe. Siku moja akasema, baba, tuweke kiti cha pili, ninyoe na mimi. Spika akamjibu mbele ya wateja kwamba hakuna mwanamume atakayempa binti shingo na wembe. Kesho yake binti akaondoka na begi lake na mashine moja kuukuu. Mwaka mmoja na miezi miwili sasa. Mteja akiomba "Tuonane Jumatatu", Spika humwambia imekwaruzika, kana kwamba simu ina sindano ya santuri.

— Kwa mujibu wa taratibu, Mhuri akaanza, hayo ni makosa ya masijala. Faili la mwenzako limeingizwa kwenye lako. Mimi niliwahi kugonga mhuri cheti cha kifo, akaja kukichukua marehemu mwenyewe.

— Ukamwambiaje?

— Nikamwambia aje na shahidi.

— Si makosa ya masijala, Soli akasema. Simu imezeeka. Bibi yangu alikuwa hakumbuki kama amekunywa chai, lakini nyimbo za harusi yake anakuimbia zote. Simu nayo ikifika umri inarudi nyuma.

— Simu ina miaka mitatu, Soli!

— Kwa simu huo ni uzee. Halafu unailaza wapi?

— Sakafuni, kwenye chaji.

— Basi panya. Anapita, anakanyaga, muziki unalia.

— Mara mia tatu na kumi na moja, albamu ile ile?

— Panya naye ana mapenzi yake.

Tukacheka mpaka mwanangu akashtuka mgongoni. Spika hakucheka sana.

— Na kuna hili, akasema. Inaniambia saa yangu kubwa ya muziki ni kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi saa hizo nakoroma. Dukani nafika saa tatu.

— Jalada limefungwa! Mhuri akapiga paja. Unatembea usingizini. Unaamka, unasikiliza, unarudi kitandani, huna habari. Mke wa bosi wangu alikuwa anapika usingizini.

— Chakula chake kilikuwaje?

— Kizuri kuliko cha macho wazi.

Mimi nikakumbuka jambo.

— Na kule kukata je, baba Spika? Isije ikawa ni ugonjwa huo huo.

Maana muziki wa Spika ulikuwa unakata. Mwaka mzima. Mtu kanyolewa upande mmoja, wimbo umekolea, mara kimya. Spika anaacha kichwa cha watu, anaikimbilia simu, "Umekata tena, mjinga mkubwa we!", anabonyeza, unalia, baada ya muda unakata tena. Mtaa mzima tulishamzoea. Fundi simu alibadili betri, akabadili tundu la chaji, mara ya tatu akamwambia simu haina ubaya wowote, labda mwenyewe apumzike.

— Umesema neno, dada, Soli akanielekezea nyundo. Sasa nimeielewa yote. Yule kinyozi wa mtaa wa pili amekutumia jini.

— Ee!

— Jini limekuja likukatie muziki, wateja wakukimbie. Kufika, likakuta "Tuonane Jumatatu". Limeipenda! Mchana linafanya kazi iliyolileta, alfajiri linacheza dansi.

— Jini mwajiriwa, Mhuri akakubali, tena linafika kazini mapema kuliko mwenye duka.

Hapo ndipo fundi bomba alipotoka, suruali imelowa magotini, spana mkononi. Kijana wa miaka thelathini hivi, mgeni mtaani kwetu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, Soli akajibu. Mpe kahawa huyo, ameshinda chini ya beseni kama mende.

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akapuliza.

— Samahani wazee wangu. Nilikuwa nasikia maneno yenu kule chini. Mimi ni mtu wa bomba tu, mambo ya majini siyajui. Nauliza kitu kimoja. Hiyo akaunti ya muziki ina koki ngapi?

Mhuri akamtazama Soli. Soli akamtazama Spika. Spika akatazama simu, akaigeuza nyuma, kama koki ziko huko.

— Koki?

— Mzee, umewahi kuoga kwenye nyumba ya ghorofa, maji yakakatika una sabuni machoni? Tangi limejaa, bomba zima. Unaita fundi bure. Kumbe kuna mtu chumba kingine kafungua koki, maji yamemwendea yeye. Akifunga, yanakurudia. Sasa hapa nani mwingine ana koki, anapiga muziki wa akaunti hii kwenye simu yake?

Nyundo ya Soli ilikuwa imelala juu ya kisigino cha kiatu cha watu.

— Aliyeifungua akaunti ni nani? fundi akauliza, taratibu zaidi.

Spika akakohoa.

— Mwanangu.

Benchi letu halikuwa limemsikia akimtaja binti yule kwa mwaka na miezi miwili.

— Baba, nikamuuliza, muziki ukikata, kwenye kioo huwa hapatokei maandishi?

— Yanatokea. Madogo hayo. Nayafuta. Nitavaa miwani saa ngapi na nimeshika wembe?

— Iwashe, Soli akamwambia. Washa albamu hiyo hiyo.

Kidole cha Spika kilizunguka juu ya kioo kama nzi asiyejua atue wapi. Mwisho kikabonyeza. Gitaa likaanza, lile la polepole, na ndani spika ya mbao ikanguruma. Kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kimya.

Safari hii hakutukana. Alinipa mimi simu.

— Soma, mwanangu. Macho yako mazima.

Nikasoma kwa sauti:

— "Muziki unachezwa kwenye kifaa kingine. Kifaa hicho: Kiti cha Pili."

Kulikuwa na mstari mwingine chini yake. Nikausoma nao.

— "Kifaa chako: Kiti cha Kwanza."

Mhuri akavua kofia. Spika akakaa kwenye benchi, yeye ambaye saa za kazi hakai, na Soli akamsogezea nafasi. Kumbe simu ile ilikuwa na jina hilo siku zote, aliloachiwa na binti yake, hakuwahi kulisoma.

— Mwaka mzima, Spika akasema. Mwaka mzima namwita mjinga mkubwa.

— Hakusikia, nikamwambia.

— Saa kumi na mbili na nusu, Soli akawa anawaza kwa sauti. Nani anasikiliza albamu ya kufagia saa kumi na mbili na nusu?

— Anayefagia, Mhuri akajibu. Hakusema kwa mujibu wa chochote.

Spika akainua uso.

— Ana duka, akasema. Huyu mtoto ana duka. Na anafungua mapema kunishinda!

Sijui kama alitaka kulia au kujisifu. Mdomo ulikuwa unakwenda huku na huku.

— Basi mpigie, mzee, fundi bomba akasema.

— Namba ninayo. Tangu mwezi wa tano, shangazi yake alinipa.

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikalainika kama kitambaa.

— Kila siku naihamisha suruali hii kwenda ile. Nikipiga nimwambie nini? Nimwambie rudi, aje akae wapi? Kiti ni kile kile kimoja.

Fundi bomba akaweka kikombe chini.

— Sisi tukitaka kujua bomba linatokea wapi, mmoja anabaki chini anagonga. Wa juu akisikia, naye anagonga. Hatuongei. Gonga tena, mzee.

Spika akawasha. Gitaa. Kimya.

Akawasha. Gitaa. Kimya.

— Kule anaona ninachopiga?

— Anaona, fundi akamwambia. Kimeandikwa kwenye kioo chake, na jina la simu yako juu.

Akawasha mara ya tatu. Gitaa likaanza. Tukasubiri, sote tumeinamia simu. Mwimbaji akafungua mdomo. Akaimba mstari wa kwanza. Akaimba wa pili. Ngoma zikaingia.

— Amekuachia, nikasema.

Wimbo ukaendelea kutoka kwenye ile spika kubwa, mtaani kote, na aliyekuwa anapita na ndoo akapunguza mwendo. Mwanangu aliamka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakulia. Spika akafungua ile karatasi, akashika simu vizuri.

— Ngoja! Soli akamkamata mkono. Ukipiga sasa utaukata. Mwache amalize.

Nyimbo za albamu ile nimesema ni ndefu. Tukakaa. Nikatikisa chupa ya pili, kahawa ilibaki nusu kikombe. Nikammiminia Mhuri, akamsogezea fundi bomba, fundi akamsogezea Spika. Spika hakunywa. Alisimama mlangoni anatazama ndani, upande wa kushoto, pale spika ya mbao inapokula ukuta mzima.

— Fundi.

— Naam, mzee.

— Maji ya lile beseni yanaweza kufika upande ule?

Fundi akaingia na futi yake, akapima, akapima tena, akaigonga mbao kwa kidole.

— Yanafika. Ila hii spika itabidi ihame.

— Itahama.

— Nikuwekee koki moja ndefu ya kuzunguka, au...

— Weka mbili.

Soli akajifuta uso kwa kitambaa cha rangi ya viatu, akabaki na weusi shavuni, na siku hiyo hakuna aliyemcheka. Ngoma zikapungua, likabaki gitaa peke yake, kisha likaisha nalo. Spika akavaa miwani. Alisoma namba moja moja, na Mhuri akawa anairudia kila moja nyuma yake, kwa sauti ya ofisini, pasitokee kosa.

Iliita mara moja tu, ikapokelewa.