Fundi Valvu na Amplifaya ya Shemeji Yake

Ndugu waombolezaji, majirani na mafundi wenzetu, haya mtakayoyasikia ni maisha ya Fundi Valvu, na tunayasoma kama alivyotuagiza mwenyewe, bila kufyeka wala kupamba, ingawa jana ndani ya familia wapo waliotaka jambo moja lirukwe, lile linalomhusu shemeji yake Ngurumo aliyeketi hapa mbele, mpaka mjane alipokata shauri kwamba likirukwa hilo basi tusisome kitu chochote, tuzike tu tuondoke. Kwa hiyo litasomwa, na atakayeona aibu atazame chini.

Marehemu alizaliwa Jumatano ya tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa mpiga pasi na muuza maziwa, akasoma shule ya msingi ya mtaani tangu Januari 1958 hadi Desemba 1964, akaishia hapo, na hakuona haya kusema kwamba umeme hakufundishwa na mtu, alijifunza kwa kurushwa nao ukutani.

Tarehe 2 Mei 1968 aliajiriwa katika karakana ya redio, chumba chembamba chenye dirisha moja na benchi lililojaa makovu ya moto, na humo ndimo alimozijua valvu, vile vichupa vya kioo vyenye nyuzi zinazowaka rangi ya chungwa, vya moto wa kuunguza vidole, ambavyo kazi yake ni kuchukua sauti ndogo na kuikuza. Alikuwa na hasira za karibu, lakini hakujua kumpaka mteja mafuta kwa mgongo wa chupa, redio ikiwa imekwisha alisema imekwisha, na mwenye kununa alinuna akarudi mwaka uliofuata na redio nyingine.

Tarehe 1 Februari 1979 alifungua karakana yake mwenyewe, na kwa kuwa redio za valvu zilikuwa zinatupwa kila mtaa, akageukia amplifaya za magita, maana wapiga gita hawakuwa tayari kuachana na valvu hata kwa fimbo. Ila aliingia katika kazi hiyo na masikio ya redio, na kwa fundi wa redio mkwaruzo ni ugonjwa, sauti inayokoroma ni sauti inayotaka kutibiwa, na hilo ndilo lililokuja kumponza.

Kabla ya hapo, Jumamosi ya tarehe 7 Agosti 1976, alikuwa amemwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye leo ni mjane, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi aliyezaliwa mwaka 1977, wa pili fundi mwenye karakana hiyo sasa, aliyezaliwa 1980, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, wa mwaka 1985. Kaka wa mkewe alikuwa mpiga gita wa bendi ya ukumbi wa hoteli, watu walimwita Ngurumo, kwa sababu akigusa uzi mnene gita lake lilinguruma hadi vikombe vikatikisika mezani, na shemeji hawa wawili walipendana, wakitaniana kila walipokutana, huyu akimwita mwenzake mtu wa makelele, mwenzake akimjibu kwamba yeye ni daktari wa wagonjwa wasiolalamika.

Alhamisi ya tarehe 9 Juni 1983 Ngurumo alileta amplifaya yake karakana, sauti imefifia, akaomba iwe tayari Jumamosi mchana, kwa sababu bwana mmoja wa kurekodi sahani za santuri alikuwa anakuja ukumbini kuisikiliza bendi na kuchagua wa kwenda naye. Amplifaya ile ilikuwa na valvu tatu ndogo na mbili kubwa, na marehemu akakuta kubwa zote mbili zimechoka, na ile ndogo ya kwanza, inayopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye gita, inakaribia kufa. Kubwa akabadilisha, mpya kabisa. Ndogo hakuwa nayo ya aina ile, alikuwa na nyingine, umbo lile lile, miguu ile ile, ikaingia kwenye tundu bila kulazimishwa, ila hiyo ilikuwa pole, nguvu yake haifiki hata nusu ya ile ya mwanzo.

Tueleze kidogo hapa, maana si wote mafundi. Ile valvu ya kwanza ikiwa kali inazisukuma zinazofuata mpaka zinashindwa kubeba sauti, sauti inapasuka, na kule kupasuka ndiko kunguruma kwenyewe, na kama zile kubwa nazo zimezeeka, zinawahi kupasuka zaidi. Ukiweka ya kwanza pole, na kubwa mpya, sauti inatoka safi, ya mviringo, hata upige uzi kwa ngumi. Marehemu aliijaribu, akaisikia imetakata kama maji ya mtungi, akajipongeza, akafunga skrubu, na hakumwambia shemeji yake kitu.

Jumamosi ya tarehe 11 Juni 1983, saa tisa mchana, bendi ilianza kupiga mbele ya yule bwana, na marehemu alikuwa amesimama karibu na mlango. Ngurumo alivuta uzi, gita likaitika kwa adabu kama mtoto aliyetumwa. Akakandamiza zaidi, akaongeza sauti, akatazama vidole vyake, uzi mmoja ukakatika, jasho likamtoka, na kabla wimbo wa kwanza haujaisha marehemu alikuwa amekwisha jua kosa liko wapi. Kiongozi wa bendi akasimamisha muziki, akamgeukia marehemu pale mlangoni, akamwuliza mbele ya watu wote kama amplifaya ina kasoro. Ukumbi mzima ukamtazama yeye, fundi asiyesema uongo, naye akajibu, "Amplifaya haina kosa. Labda mkono."

Mwezi haukuisha Ngurumo akaachwa na bendi, na kilicho kibaya zaidi ni kwamba alisadiki. Alikwenda kwa madaktari, akachuliwa, akafungwa bandeji, akauza amplifaya bila kuifungua, gita akalitundika, akawa dereva wa gari la mikate mpaka alipostaafu. Marehemu naye tangu siku hiyo hakugusa amplifaya ya mtu kabla ya kumwuliza mwenyewe anataka itakate au ikorome, akabandika ndani ya kila moja karatasi yenye valvu aliyotoa na aliyoweka, wapiga gita wakatoka mbali kumfuata, wakamsifu kwa uangalifu, na kila akisifiwa alikunja uso, sisi tukidhani ni zile hasira zake.

Mwaka 2019 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na tarehe 17 Novemba 2021 akamweleza mkewe yote. Mkewe hakumsemesha siku tisa, chakula akimwekea na dawa akimhesabia, na siku ya kumi alisema, "Kamwambie mwenyewe, baba, mimi si spika yako."

Jumapili ya tarehe 5 Desemba 2021 marehemu alikwenda na mkongojo wake hadi sebuleni kwa Ngurumo, akamweleza bila kujitetea. Ngurumo aliukunjua mkono wake juu ya goti, akauliza, "Miaka thelathini na minane nautibu mkono mzima?" Marehemu akaomba radhi. Akajibiwa, "Radhi unaniomba sebuleni, shemeji. Kuniumbua uliniumbua ukumbini."

Hakubishana, maana lilikuwa neno la haki. Alirudi nyumbani akamtafuta kiongozi wa bendi, ambaye ni mzee sasa, na wale waliobaki, wakakubaliana kukutana Jumamosi ya tarehe 15 Januari 2022, ili aseme mbele yao. Jumanne ya tarehe 11 moyo ulimzidi akalazwa, akaona muda hautamngoja, akamwita mwanawe fundi na kuamuru yasomwe haya yote siku ya mazishi yake, majina ya utani na tarehe zake, na Ijumaa ya tarehe 14, saa nne asubuhi, siku moja kabla ya mkutano, akafariki dunia.

Familia inamshukuru daktari wa moyo na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliotufungulia nyumba zao, mafundi waliofunga karakana zao leo, na wana bendi waliokuja hapa badala ya kule walikoitwa. Hatumwombi Ngurumo asamehe, hilo ni lake, tunatimiza tu tulilotumwa, na tunalisema kwa sauti kubwa ili wa nyuma nao wasikie: siku ile amplifaya ilikuwa na kosa, kosa lilikuwa la fundi, na mkono wa shemeji ulikuwa mzima.

Limesemwa mbele ya watu, baba. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.