Mzee Matambara na Ngama Aliyoikausha Kila Asubuhi

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wake, nimeonywa nisome polepole, lakini maisha ya baba yetu hayasomeki polepole, mtanisamehe.

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Mzee Matambara, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtaa wa nyuma ya karakana ya boti, akamaliza darasa la saba mwaka 1966, na tarehe 1 Februari 1968 akaajiriwa kwenye boti ya abiria kutunza ngama, yaani lile tumbo la chini ambako maji na mafuta ya injini hujikusanya. Wenzake walitegemea pampu, yeye kila asubuhi alilala kifudifudi mle ndani, akachota, akasugua kwa sabuni, akapangusa kwa matambara hadi mbao zikauke kabisa, nao wakamcheka eti anapiga deki chumba kisichopata wageni. Aliwajibu kwamba ngama ikiwa chafu, maji mapya hayaonekani.

Sasa sikilizeni hapa! Tarehe 14 Agosti 1975, saa moja na nusu asubuhi, abiria sitini na wawili wameshakaa, aliona mchirizi mwembamba kwenye mbao alizotoka kukausha, akapanda juu, akasema boti haiondoki. Nahodha akamwambia aking'ang'ania basi kazi hana, na baba, aliyekuwa akimlisha mama yake mjane, akazima injini, akatia ufunguo mfukoni! Abiria wakamporomoshea matusi, hasa mshonaji mmoja aliyekuwa akiwahi wateja. Fundi akashuka, akaligusa kwa kidole bomba linaloingiza maji ya kupoza injini, likakatika palepale, maji yakamrukia hadi kifuani. Wee! Nahodha aliomba radhi mbele ya watu wote.

Yule mshonaji alirudi kesho yake kuomba msamaha, akarudi na keshokutwa bila sababu yoyote, wakafunga ndoa tarehe 3 Aprili 1976, wakajaliwa watoto wanne, na ndiye mama yetu huyu hapa mbele, anacheka huku analia.

Baba alistaafu tarehe 30 Juni 2011, mapafu yakaanza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 2 Septemba 2024, akatutoka Jumatano tarehe 11, saa nne asubuhi, sote tukiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kubeba viti, na wafanyakazi wenzake wa bandarini. Hili la mwisho halimo kwenye ratiba. Kama ulikuwemo botini siku ile, au mzazi wako, au bibi yako, tafadhali simama. Mama, anza wewe.

Baba, wamesimama mpaka barabarani. Pumzika kwa amani.