Mama Mkasi na Siku Tisini za Hibiskasi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kutunza bustani ya hospitali yetu, Mama Mkasi anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Juni. Jina lake la kwenye faili analijua karani wa utumishi peke yake. Sisi tunamjua kwa mkasi unaochungulia mfukoni mwa aproni yake.

Mwaka wake wa pili kazini alichomeka kijiti cha hibiskasi, urefu wa kalamu, chini ya dirisha la wodi ya mifupa. Kikawa kichaka kinachopita kimo cha mtu, chenye maua mekundu mapana kama sahani. Ua la hibiskasi huishi siku moja: asubuhi hufunguka, jioni hujikunja kama mwavuli. Wagonjwa waliolala miezi mitatu, miguu imetundikwa, walihesabu siku zao kwa maua hayo.

Miaka tisa iliyopita kichaka kilivamiwa na wadudu weupe kama pamba. Matumba yakawa yanaanguka kabla ya kufunguka, na msimamizi wa usafi akaagiza king'olewe. Mama Mkasi aliingia ofisini kwa mganga mkuu na gambuti zake za tope, akaomba siku tisini. Alipewa, na onyo kwamba siku ya tisini na moja jembe halitamsubiri.

Mimi ndiye mtunza stoo, na shajara yangu ya tarehe 4 Machi mwaka ule inasema: "Amekikata chote. Vimebaki visiki vya magotini. Amekuja stoo kuomba miswaki sita." Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anasugua kila shina kwa maji ya sabuni, asubuhi baada ya asubuhi. Dereva mmoja wa lori, aliyelazwa kitanda cha dirishani na paja lililovunjika, alimuuliza kama amletee na dawa ya meno. Akajibiwa ailete, ila aanze na meno yake. Wodi nzima ilicheka. Tangu siku hiyo dereva akawa mlinzi. Akiona mdudu mmoja tu, anapiga kelele mpaka muuguzi anakuja mbio.

Siku ya hamsini: majani tele, ua hakuna. Siku ya themanini: hakuna. Tulianza kumkwepa kwenye korido, maana hatukujua la kumwambia. Yeye alisugua tu.

Tarehe 28 Mei, siku ya themanini na sita, saa moja kasoro asubuhi, dereva aliita watu. Lilikuwa ua moja. Mganga mkuu alikuja dirishani kulitazama. Habari ya kung'oa hatukuisikia tena. Dereva alitoka kwa magongo, na kijiti cha hibiskasi ndani ya chupa ya dripu iliyokatwa. Tangu hapo kila anayeruhusiwa kutoka wodi ile huondoka na chake, na sijui mitaani kuna vichaka vingapi vilivyozaliwa na visiki vile.

Jana jioni alinionyesha matumba matatu yaliyochongoka, wekundu ukianza kuchungulia. Alisema yatafunguka Jumamosi. Katika miaka yote hii sijamwona akikosea, kwa hiyo kesho yatafunguka, na yeye atakuwa kwake.

Mama, ahsante. Miswaki ipo stoo na zamu za kusugua tumekwisha kupangiana. Tunakuombea afya, na kila asubuhi ua jipya dirishani kwako.